Marudio na Swali la Rangi Sita

Kuna watu wanaoogopwa kwa sababu ya vyeo vyao, na wengine kwa sababu ya midomo yao. Mwanamke huyu aliogopwa kwa sababu ya kurudi. Kazini walimwita Marudio, na jina likamganda hadi mtaani, kiasi kwamba hata fundi viatu wa pale kona, asiyejua kabisa shughuli yake, alimwita hivyo hivyo na yeye akaitika.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ofisi ya takwimu hutuma wadadisi nyumba kwa nyumba kuuliza watu maswali. Wadadisi wakishapita, baada ya siku chache Marudio anabisha hodi kwenye baadhi ya nyumba zile zile, anaketi kwenye kiti kile kile, anauliza maswali yale yale. Majibu yakilingana, mdadisi ni mkweli. Yasipolingana, maana yake mdadisi alijikalia mkahawani na kujijibia mwenyewe, na hapo kazi hana.

Kwa miaka mingi mambo yalimwendea vizuri, kwa sababu aliyokuwa akirudia kuyauliza yalikuwa mambo yenye adabu: vyandarua, ndoo za maji, mabati, saruji. Sakafu ya saruji ya Jumatatu haiwi ya udongo Ijumaa, na choo, kwa jinsi ninavyokifahamu, hakibadilishi msimamo. Kwa hiyo aliwanasa wengi. Alimnasa mmoja aliyemwandikia bibi kikongwe watoto watano wa kunyonya, na mwingine aliyehesabu mbuzi kwenye ghorofa ya tatu. Kuna waliolia mbele ya meza, kuna walioapa kwa mama zao, na Marudio hakupepesa jicho. "Mimi sifukuzi mtu," alikuwa akisema huku akifunga mkoba wake. "Majibu ndiyo yanayofukuza."

Huyo ni wa kazini. Wa nyumbani alikuwa mwingine kabisa, mtu asiyejua kukaa. Alikuwa mjane wa makamo. Mumewe, dereva wa malori, alikufa kwa maradhi ya figo, na asikudanganye mtu, alimpenda. Alipenda hata ile honi aliyoipiga pale kona kila aliporudi safari, honi fupi ya mume anayetaka chai iwe mezani. Walipata binti mmoja, sasa ameolewa mji mwingine, na kila Jumapili humpigia mama yake simu kumuuliza kama amekula. Tangu binti aondoke, Marudio akaingiwa na tabia ya kuhamisha kitanda. Kikikaa chini ya dirisha siku mbili, anaona kimekaa vibaya, anakikokota hadi kando ya kabati. Kando ya kabati nako anaona hapumui. Anakirudisha.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Dobi, na hapo hapo ndipo alipofulia watu nguo na kuzipiga pasi. Wengi wakisikia jina hilo hudhani ni mwanamume. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubebea mabunda ya shuka za hoteli na kicheko cha kuamsha mtaa, hajaolewa na hajaeleza kwa nini. Miguu ya kitanda ikianza kukwaruza sakafu, Dobi alikuwa akigonga ukuta kwa mpini wa brashi.

"Jirani! Leo kinahamia wapi?"

"Karibu na mlango."

"Basi kesho kitakuwa barabarani. Kilete nikipige pasi kabisa kabla hakijasafiri."

Wakaishi hivyo kwa miaka, ukuta katikati, bakuli la chumvi likienda na kurudi.

Ndipo ukaja utafiti mpya. Idara ya afya ilitaka kuyajua mambo ya ndani ya watu ili ipange huduma zake: nani anapima afya, nani anaiogopa zahanati, na kwa nini anaiogopa. Katikati ya maswali hayo, mtu anavutiwa na nani. Hapo wadadisi wote darasani walikohoa kwa pamoja. Aliyewafundisha ni msimamizi wa utafiti, mwanamke kijana aliyeyasomea mambo hayo kwa undani, ambaye ofisi nzima ilimwita Daktari ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano.

"Swali hili hamlisomi kwa mdomo," aliwaambia. "Mhojiwa anavaa hedifoni, swali analisikia mwenyewe, kisha anagusa rangi kwenye kishikwambi. Nyekundu, wanaume tu. Njano, zaidi wanaume. Kijani, wote kwa usawa. Bluu, zaidi wanawake. Zambarau, wanawake tu. Nyeupe, hakuna yeyote. Nyinyi mnampa mgongo. Mnamwambia, 'Chukua muda wako, siangalii,' na kweli hamwangalii."

"Hata kidogo?" aliuliza Shemeji.

"Hata kidogo, Shemeji."

"Yaani hata nikisikia ananiita?"

"Akikuita, geuka, Shemeji. Akikuita tu."

Huyu Shemeji alikuwa mdadisi mnene, mpole, mzito wa mwendo. Alimwoa dada wa mapokezi, na tangu hapo kila mtu ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, akawa shemeji yake. Ni mtu wa kuomba ruhusa mara mbili kabla ya kukalia kiti chake mwenyewe. Wenzake walimtania sana, naye aliwacheka wakimtania.

Mwisho wa mafunzo wakajipima wenyewe. Kila mmoja, Marudio akiwemo, alipewa kishikwambi chake na namba ya kuokota kwenye kikapu, bila jina, akajibu yaliyo yake. Asubuhi iliyofuata wakajibu tena, namba zile zile, kuona kama mtambo wa kulinganisha unafanya kazi. Daktari alitazama matokeo akatabasamu.

"Mtambo ni mzima. Lile swali la rangi, mmelingana wote isipokuwa mmoja. Wala msiangaliane, sitaki kumjua. Kidole kimeteleza tu."

Darasa zima likacheka, na Marudio akacheka kuwashinda wote.

Kidole hakikuteleza. Siku ya kwanza aligusa nyekundu kabla sauti ya hedifoni haijamaliza sentensi, akaenda zake. Jioni ile Dobi alimletea shuka alizomfulia, na Marudio akamweleza namna watakavyokuwa wakiwapa watu mgongo. Dobi alicheka hadi akajitupa kitandani, ambacho siku hiyo kilikuwa katikati ya chumba.

"Yaani mtu ataitoa siri ya moyo wake mbele ya mgongo wako? Kwa lipi hasa zuri ulilonalo huko nyuma?"

"Ondoka kitandani kwangu, we mwanamke."

"Siondoki. Nimechoka kukisikia kupitia ukutani, leo nimekuja kukijua."

Katika kucheka, kitambaa cha kichwa cha Marudio kikafunguka. Dobi akakiokota, akamfunga upya polepole, vidole vikipita nyuma ya sikio, huku akiendelea na habari za mteja aliyesahau meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Akamaliza kufunga, akaaga, akaenda kwake. Hakuna lingine lililotokea. Asubuhi yake swali lilipomwingia sikioni, kidole cha Marudio kilikwenda kwenye nyekundu, kikasita, kikahamia kwenye njano.

Kama jibu la kwanza lingekuwa uongo, angelala vizuri. Uongo aliuzoea, ndio uliomlisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba alikuwa amesema kweli siku zote mbili. Wiki ile kitanda hakikupumzika.

Kazi ikaanza, wadadisi wakatawanyika mitaani, na baada yao akafuata Marudio na mkoba wake. Kishikwambi cha marudio hakimwonyeshi jibu la mtu. Kinamwonyesha tu alama: vema kama majibu mawili yamelingana, mkasi kama hayakulingana. Wadadisi wengi walitoka safi. Alipoanza nyumba za Shemeji, mikasi ikaanza kumwagika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi baiskeli. Vyumba, vema. Maji, vema. Zahanati, vema. Marudio akampa mgongo, akangoja, akageuka. Mkasi.

"Samahani, kaka," alisema, akijua kabisa kwamba anavuka mpaka wa kazi yake. "Yule mdadisi wa kwanza alifika kweli hapa?"

"Alifika. Mnene hivi, mpole. Aliniuliza kama anaweza kukaa, nikamwambia akae, akaniuliza tena. Alipofika kwenye lile swali akageukia ukutani, akasimama kimya muda wote hadi nikamhurumia."

Huyo ni Shemeji mtupu, hakuna mwingine. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akaiacha michafu kuliko ilivyokuwa.

"Najua unachotaka kuniuliza. Siku ile nilijibu kama nilivyooa. Mwenzako akaondoka, swali likabaki. Leo nimejibu kama ninavyojijua."

"Kwa hiyo la leo ndilo la kweli."

"Dada, ndoa yangu si ya uongo," alisema fundi, na akaonekana kuumia kweli. "Mke wangu nampenda. Ungeuliza vizuri ningekujibu vizuri."

Nyumba nyingine ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele kwenye sinia. Bibi alivaa hedifoni kwa madaha, akagusa rangi yake, akazivua. Mkasi.

"Mwanangu, swali lenu lina kasoro," alisema bila kuulizwa. "Halisemi mwaka gani."

"Ni sasa hivi, bibi."

"Sasa hivi ninavutiwa na usingizi. Yule kijana wenu mnene nilimjibu la ujana wangu. Wewe nimekujibu la nilipokuwa nimeshawakuza watoto na kuwa huru. Akija wa tatu nitamtafutia la katikati, lipo." Akapepeta sinia. "Na wewe mwenyewe umejibu lipi?"

"Mimi siulizwi, bibi. Mimi nauliza."

"Ndiyo maana una haraka," alisema bibi, akarudi kwenye mchele wake.

Kwenye chumba cha msusi hakukuwa na kicheko. Msusi alikuwa binti mwembamba, na mkasi ulipotokea aliiona sura ya Marudio ikibadilika, akashika mlango.

"Mama, usiniandike. Siku ile mwenye nyumba alikuwa koridoni, nikagusa ile ya kumridhisha yeye. Leo hayupo. Nilidhani leo naweza." Machozi yakamtoka. "Akijua atanitoa vitu nje. Naomba urudishe ile ya kwanza."

"Siandiki jina, mwanangu. Hata mimi sijui ulichogusa."

"Lakini unajua nimebadilisha."

Marudio alifunga mkoba wake. Alitoka pale akatembea hadi akajikuta amepita kituo chake na kingine kilichofuata, mkoba ukimpiga kiunoni. Na katika kutembea ndipo akaielewa mikasi ya Shemeji. Wadadisi wengine walikuwa na haraka. Walisimama mlangoni wakageuka nusu, jicho moja likibaki ndani, na mhojiwa akagusa nyekundu au zambarau, ile anayotarajiwa kugusa, apate kuwaondoa. Marudio alipowarudia wahojiwa hao, wakagusa ile ile kwa haraka ile ile. Shemeji aliwageuzia watu mgongo kikweli. Akawapa muda hadi wakafikiri, na watu wakishaanza kufikiri hawaachi kwa sababu mdadisi ameondoka. Mtu mkweli kuliko wote ofisini ndiye aliyekuwa na mikasi mingi kuliko wote, na karatasi ya kumfukuza ingewekwa sahihi na Marudio mwenyewe. Akaanza kuwakumbuka wale waliowahi kulia mbele ya meza, mmoja mmoja, akajiambia kwamba mbuzi wa ghorofani ni mbuzi wa ghorofani tu. Lakini hakutulia.

Jioni ile alikokota kitanda hadi dirishani, akakirudisha kabatini. Mpini wa brashi ukagonga.

"Jirani! Leo umekihamisha mara mbili. Una nini?"

"Kazi tu."

"Kazi gani inayokokotwa hivyo?"

Marudio aliweka kiganja ukutani, mahali sauti ilipotokea, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akasema analala, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi Daktari alimwita ofisini kwake, na Shemeji pia. Mlango ukafungwa. Shemeji alikuwa ameshavua kizibao chake cha udadisi, amekikunja vizuri, amekipakata.

"Shemeji, nisikilize," alisema Daktari. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. "Kanuni imeandikwa na wanaotufadhili. Mikasi ikizidi kiasi, mdadisi anaondolewa na nyumba zake zote zinatupwa. Yako imezidi."

"Sikujijibia, Daktari," alisema Shemeji. "Niliwapa mgongo kama ulivyotuambia."

"Aliwapa," alidakia Marudio. "Nimewauliza. Alifika kote, na huko kote majibu mengine ni vema, mikasi iko kwenye swali moja tu. Watu wenyewe wamebadilisha."

Watu wengine wenye vyeti wangemwambia ajue mipaka yake. Daktari alivua miwani, akajikuna paji la uso.

"Unadhani silijui hilo? Mama, ndiyo kazi niliyoisomea. Kuna unayevutiwa naye, kuna unayelala naye, na kuna unavyojiita mbele za watu. Ni mambo matatu, na kwa watu wengi hayakai chumba kimoja. Na kila moja lina majira yake. Niliomba tuulize yote matatu, wakasema dodoso limekuwa refu. Tukabaki na moja, na rangi sita, kana kwamba nawauzia watu vitambaa."

"Sasa unamfukuza wa nini?"

"Kwa sababu sina la kuwaonyesha wakubwa. Kila nyumba ina mdadisi katikati. Nikisema mtu amebadilika, watasema hapana, mdadisi alibuni. Nitawapinga kwa kitu gani? Nipe mahali pamoja ambapo mdadisi hakuwepo kabisa na jibu likabadilika. Pamoja tu, nitaling'ang'ania hilo hadi waondoe swali hili kwenye hesabu ya kufukuzia watu."

Shemeji akasogea mezani na kizibao chake.

"Naweza kukiweka hapa?" aliuliza.

"Weka, Shemeji."

"Hapa hapa?"

Marudio aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Alijua mahali hapo pamoja. Alimfikiria binti yake na simu ya Jumapili, na mkwewe anayekaa karibu akisikiliza. Akamfikiria mwenye nyumba wake, ambaye si mbaya, ila ni mwenye nyumba. Akaufikiria mlango wa ofisi ile, uliokuwa wa mbao nyepesi, na koridoni wapo watu wanaokunywa chai kwa maneno ya wenzao. Alikuwa mtu wa heshima. Aliogopa, tena sana. Na mbele yake yule mtu mnene akawa anakinyoosha kizibao mezani kwa kiganja, asikiache na mikunjo.

"Darasani," alisema Marudio.

"Darasani wapi?"

"Siku za mazoezi. Kila mtu alikuwa na kishikwambi chake, mdadisi hakuwepo. Mmoja alibadilisha."

"Ah, yule," alisema Daktari. "Yule ni kidole, mama. Kiliteleza."

"Kidole ni changu. Na hakikuteleza."

Aliona uso wa Daktari ukisimama. Hakuthubutu kumtazama Shemeji. Alitamani sana kuwe na kitanda mle ndani akikokote.

"Jana yake ulikuwa umekosea?" Daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikukosea. Siku zote mbili nilijibu kweli."

Daktari akavaa miwani yake polepole. "Nitaandika hivyo. Bila jina wala namba, na halitoki humu ndani kwa mdomo wangu. Lakini watasema mara mbili ni bahati mbaya. Unaweza kuulizwa tena? Ya tatu?"

Marudio akatikisa kichwa kukubali. Daktari akamwekea kishikwambi na hedifoni mezani, akamwachia aingize ile namba yake ya kikapuni, akainuka, akageukia kabati la mafaili. Shemeji, bila kuambiwa na mtu, akageukia ukuta.

"Chukua muda wako, dada," alisema Shemeji. "Siangalii."

Sauti ikamwingia sikioni. Mtu anavutiwa na nani. Rangi sita zikajipanga mbele yake. Marudio aliwapa watu wengi mgongo maishani mwake, na siku zote aliona wanachelewa. Sasa akajua muda ule ulivyo mrefu ukiwa upande wa pili. Nyekundu alikuwa nayo, ilikuwa na honi ya pale kona na kikombe cha chai, na asingekubali mtu amfutie. Njano alikuwa nayo pia. Kijani kilisema usawa, na yeye angepimaje honi ya marehemu na vidole nyuma ya sikio, kwa mizani ya duka gani? Bluu ilisema wanawake, na yeye hakuwa akiwafikiria wanawake. Alikuwa akimfikiria mmoja, mwenye mabega na kicheko na harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi. Alizitafuta rangi zote sita na hakuiona iliyosema Dobi. Mwishowe akagusa kijani.

"Tayari," alisema.

Kishikwambi kikatoa mkasi. Daktari aliutazama kwa muda, akachukua kizibao mezani, akakirudisha mikononi mwa mwenyewe.

"Shemeji, kuna mtaa haujamalizwa kule juu. Nenda kaumalize."

Shemeji alikivaa kinyume, akakivua, akakivaa tena. Alipopita mbele ya Marudio alisimama. Akampa mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao hivyo, kisha akatoka.

Marudio hakungoja saa ya kutoka. Alipita mapokezi, akamwona dada wa mapokezi akifuta macho, hivyo akajua mlango ule kweli ni mwepesi. Mpaka kesho wangekuwa wengi wanaojua, na mpaka Jumapili pengine simu ingekuja na swali lisilohusu chakula. Alitembea njia nzima kwa miguu. Hakuingia kwake. Alipita mlango wake, akasimama kwenye ule wa pili, na yule aliyekuwa akibisha hodi milango ya watu kwa miaka yote ile akashindwa kubisha. Mlango ulikuwa wazi hata hivyo.

Dobi alikuwa akipiga pasi shati jeupe, mvuke ukimpanda usoni. Aliinua macho.

"Mchana huu? Umefukuzwa au umefukuza?"

"Hakuna aliyefukuzwa." Marudio akabaki ameshika mlango. "Leo wameniuliza mimi. Lile swali la rangi."

"Hee! Na wewe unaulizwaga?"

"Nimeulizwa mara tatu, nimejibu mara tatu, na hakuna jibu lililofanana na jingine."

Dobi hakucheka. Hilo ndilo lililomshtua Marudio kuliko yote ya siku ile, kwamba Dobi hakucheka. Alisimamisha pasi, akachomoa waya.

"Shida ilikuwa nini?"

"Hapakuwa na mahali pa kutaja jina la mtu."

Nje fundi viatu alikuwa akigongagonga nyundo yake. Dobi alichukua shati jeupe, akalikunja, akalikunjua, akalikunja upya, na kwa mara ya kwanza Marudio akaona kwamba hata yule wa upande wa pili wa ukuta alikuwa na kitu cha kuhamishahamisha.

"Basi niambie mimi," alisema Dobi. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Akageuka taratibu, akaelekea ukuta ule wao, ule wa katikati, mikono ikining'inia. "Haya. Nimekupa mgongo. Chukua muda wako, siangalii."

Marudio aliutazama mgongo ule, na kamba ya aproni iliyofungwa vibaya, na shingo iliyolowa mvuke. Akaingia ndani, akaufunga mlango nyuma yake.

"Geuka," alisema.